Geji 12, Hali Nzuri

Katalogi ya mnada wa bunduki za kale ni fasihi isiyo na mhakiki. Wanaoisoma wanataka kununua, na wanaojua kuhakiki hawana hela ya kununua. Mimi sina hela wala kibali cha kumiliki silaha, na sitarajii kupata chochote kati ya hivyo viwili karibuni, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuzisoma katalogi hizi kama ninavyosoma mashairi: polepole, usiku, bila haja ya kufanya uamuzi wowote mwishoni.

Na ni fasihi kweli. Ina kanuni zake, ina msamiati wake, ina wasomaji waaminifu, ina hata aina yake ya uongo. Nyumba za mnada za Uingereza na Marekani huweka orodha zao mtandaoni, na kila bunduki hupewa aya moja au mbili. Ndani ya aya hizo mtu ambaye hutamjua jina anajaribu kukueleza kitu ambacho huwezi kukishika, kwa usahihi wa kutosha mpaka utoe pesa. Hiyo ni kazi ngumu ya uandishi. Ninachotaka kusema ni kwamba mwandishi huyo anaifanya vizuri kuliko wengi wetu tunaojiita waandishi, mpaka pale anapofika kwenye watu.

Nianze na chuma.

Kila ingizo hufunguliwa kwa geji. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kufundishwa neno hili. Yeyote aliyejenga, au aliyetumwa na mjomba akaulize bei Mbagala, Chanika au Goba, anajua kwamba bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la 30 ni nene kuliko la 32. Namba ikipanda, bati linakonda. Bunduki za marisaa, hizi ambazo mtaani tunaziita shotgani, zina tabia hiyohiyo ya kinyumenyume, ingawa chanzo chake ni kingine. Chukua ratili moja ya risasi, yaani madini yenyewe, kama gramu 454. Igawe katika matonge 12 yaliyo sawa. Tonge moja, likiwa la duara kamili, ndilo linaloenea kwenye mtutu wa geji 12, wenye upana wa milimita 18.5. Ukigawa ratili ileile mara 20, tonge linapungua na mtutu unakuwa milimita 15.6. Ukiigawa mara nne tu, unapata geji 4, na kila tonge lina gramu 113, karibu uzito wa mayai mawili.

Mama anayepanga nyanya mafungu pale Rangi Tatu angeelewa mara moja. Ndoo ni ileile. Ukitoa mafungu mengi, fungu linakuwa dogo. Ndiyo maana nakipenda kipimo hiki. Kina harufu ya soko la zamani na mizani, si ya maabara. Kuna bunduki moja tu ndogo maarufu inayokataa utaratibu huu, ile inayoitwa .410, ambayo jina lake ni upana wa mtutu kwa sehemu za inchi. Ingehesabiwa kwa mafungu ingekuwa kama geji 67. Wapenzi wa bunduki huieleza jambo hili kwa furaha ya mwalimu wa sarufi aliyepata nomino isiyofuata ngeli.

Kutoka kwenye geji ndipo bei inapoanza kutembea. Geji 12 ndiyo ya kawaida kabisa, kwa hiyo iko nyingi, kwa hiyo peke yake haimshtui mtu. Geji 16 ni mtoto wa kambo wa minada ya Uingereza. Bunduki nzuri ya namba hiyo hupita kwa bei ndogo kwa sababu risasi zake si rahisi kupata na wawindaji wengi wameshazoea 12. Geji 20 na 28 hupendwa sana na Wamarekani, na kwa kuwa viwanda vya zamani vilitengeneza chache, bei hupanda. Bunduki mbili zilizozaliwa pamoja kama pacha, zenye namba zinazofuatana na sanduku moja la ngozi, zina thamani kubwa kuliko jumla ya bei ya moja moja. Sina la kuongeza hapo. Soko ni soko.

Utamu uko kwenye neno la pili, hali.

Hebu niweke mfano. Ingizo hili nimelitunga mwenyewe kwa kuchanganya mengi niliyosoma, lakini msomaji wa katalogi atalitambua: *Bunduki ya geji 12, mitutu miwili sambamba, inchi 30. Mitutu ni ya chuma cha Dameski, imepunguzwa ndani kwa kusuguliwa. Mtutu wa kulia una vishimo vyepesi vya kutu karibu na chemba, wa kushoto una kibonyeo kimoja inchi sita kutoka mdomoni. Chemba ni za inchi 2½. Kitako cha wolnati kina ufa mdogo nyuma ya mtambo, umetengenezwa zamani. Nakshi imefifia. Rangi ya awali imebaki kwenye pembe tu. Mtambo umekaza.*

Angalia kazi inayofanyika hapo. Hakuna kivumishi kimoja cha bure. Unaambiwa mitutu ni ya Dameski, yaani vipande vya chuma na chuma cha pua vilivyosokotwa na kuunganishwa kwa moto kama mkeka, mpaka uso wake ukabaki na michirizi kama ya maji. Lakini huambiwi kwamba ni maridadi. Unaambiwa palipo na kutu, na ni kutu ya kiwango gani, na iko umbali gani kutoka mdomoni. Unaambiwa kwamba mtu alishausugua mtutu kwa ndani ili kufuta kutu ya zamani, maana kila kusugua kunapunguza unene wa ukuta, na ukuta ukishuka chini ya nusu milimita hivi wanunuzi hurudi nyuma. Maneno "mtambo umekaza" yana uzito kuliko yanavyoonekana. Bunduki ya aina hii hukunjwa katikati ili kupakiwa, na ikishafunguliwa na kufungwa mara elfu kadhaa, mitutu huanza kucheza kwenye kiungo chake. Iliyokaza ama ilitumika kidogo, ama ilitengenezwa na fundi mzuri.

Kuna pia majaribio ambayo katalogi haiyaandiki ila kila mnunuzi anayajua. Mitutu huondolewa kwenye kitako, huning'inizwa kwa kidole, kisha hugongwa taratibu. Ikiwa viungo vyake ni vizima italia kama kengele, mlio mrefu. Ikiwa kuna mahali pamebanduka, itatoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Chini ya mitutu kuna alama ndogo za nyumba za majaribio, ile ya London ambayo asili yake ni 1637 au ile ya Birmingham iliyoanzishwa 1813, zinazothibitisha kwamba bunduki ilifyatuliwa kwa baruti ya ziada na haikupasuka. Katalogi inayoheshimika hutaja alama hizo, na husema pia kama zimepitwa na wakati.

Jambo ambalo lilinishangaza zaidi, nikiwa mtoto wa mji ambao kila kitu cha mtumba hupigwa rangi upya kabla ya kuuzwa, ni kwamba kung'arisha kunashusha bei. Mkusanyaji makini, hasa wa Marekani, anataka rangi ya kwanza hata kama imebaki robo. Bunduki iliyopakwa upya, nakshi ikachongwa upya, kitako kikatiwa vanishi, inatazamwa kama mtu aliyeghushi cheti cha kuzaliwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika ulimwengu huu kujitembeza ndiko kunakoitwa ukarabati.

Nikilinganisha na uhakiki wa vitabu tunaouandika sisi, naona aibu kidogo. Ni mara ngapi umesoma uhakiki wa riwaya ya Kiswahili unaokuambia vishimo vya kutu viko wapi? Tunaandika "kazi nzuri inayogusa jamii" na tunakwenda kunywa chai. Mwandishi wa katalogi hana anasa hiyo, kwa sababu mnunuzi atakuja kesho kutwa na taa ndogo, atachungulia ndani ya mtutu, na atadai pesa yake. Kwa hiyo anasema ukweli. Kwenye chuma, nasisitiza.

Sasa, hali. Kwa Kiswahili hali huulizwa mtu kwanza. Hali yako? Hali ya mgonjwa? Hali ya huko kwenu? Kitu hakina hali mpaka mtu ameshajibu. Nilipoanza kutafsiri katalogi hizi kichwani mwangu, neno hilo lilikuwa linanikwaza kila aya, kana kwamba linauliza habari za mtu ambaye hayumo kwenye sentensi.

Na mtu huyo alikuwepo. Fataki za risasi za zamani, kabla ya zile za kisasa kuenea katikati ya karne ya 20, ziliacha chumvichumvi ndani ya mtutu kila bunduki ilipofyatuka. Chumvi huvuta unyevu. Bunduki iliyotumika asubuhi na kulazwa bila kusafishwa iliamka na kutu, na kama ililala Mombasa, Bagamoyo au bonde la Rufiji, ambako hata msumari mpya hugeuka mwekundu ndani ya wiki, kutu haikusubiri asubuhi. Maana yake ni hii: bunduki iliyopita Afrika Mashariki mwaka 1909 na leo inaandikwa "mitutu safi ndani" ni bunduki ambayo mtu aliifuta kila jioni. Mvua ikinyesha, aliifuta. Akiwa amechoka kwa kutembea toka alfajiri na kuibeba, aliifuta. Mtu huyo kwa kawaida hakuwa mwenye bunduki. Mwenye bunduki alikuwa anaoga, au anaandika shajara.

Nimemwona mtu wa namna hiyo akifanya kazi, Barabara ya Kilwa, upande wa Temeke. Kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, lile lenye mabati ya geji zote yamesimamishwa barazani, kuna mlinzi wa usiku mwenye bunduki ya mitutu miwili. Ni mali ya kampuni ya ulinzi. Nilimzoea kwa sababu kituo cha daladala ninachoshukia kiko mbele ya baraza lake, na siku moja nikamsalimia, nikamuuliza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umechelewa leo."

"Foleni. Mzee, samahani, hiyo bunduki ni ya lini?"

Akaniangalia kwanza. "Nimeikuta. Na aliyenikabidhi naye aliikuta."

Nikamwomba niitazame kwa karibu. Akaiweka upande wa pili wa mapaja yake, mbali nami, bila ukali. "Kutazama tazama ukiwa hapohapo. Kushika hapana. Kibali hakina jina lako, na langu wenyewe halimo, lina jina la kampuni."

Nikatazama nikiwa palepale. Geji 12, alinithibitishia yeye, akiita "namba kumi na mbili". Kitako kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli pale kilipopasuka. Jina la mtengenezaji lilishafutika. Palibaki mchoro kama wa ndege, au jani. Mtambo wa kushoto, alisema, "umestaafu kabla yangu". Lakini mitutu yenyewe ilikuwa inang'aa kwa mafuta. Kampuni haileti mafuta, akaniambia. Anapewa oili kidogo na vijana wa bodaboda wanaopaki pale, na anafutia kipande cha khanga kuukuu ya mke wake, kila Jumapili jioni kabla ya kuingia zamu.

"Mzee, hii ingeuzwa, ingekuwa na thamani gani?"

Akacheka. "Thamani yake ni kwamba mwizi hajui kama ni mbovu."

Mwandishi wa katalogi angeimaliza bunduki hiyo kwa mistari mitatu. Mtambo mmoja haufanyi kazi, kitako kimepasuka na kufungwa, alama hazisomeki, inafaa kama spea tu. Angekuwa sahihi. Na kile kipande cha khanga kisingeingia popote, ingawa ndicho sababu pekee ya mitutu hiyo kuwa bado mitutu.

Najua kuna msomaji ambaye ameshaanza kukereka. Kwa nini tuzungumzie uzuri wa bunduki Temeke, mahali hapa hasa? Ni swali la haki. Aprili 29, 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala Kizuiani. Zaidi ya watu 20 walikufa na nyumba nyingi zikabomoka. Nilikuwa shule ya msingi. Tulikimbia kwa miguu kuelekea Kongowe tukiwa hatujui tunakimbia nini, na kwa miaka mingi baadaye mama yangu alikuwa akisikia tairi la lori linapasuka anaita majina yetu mmoja mmoja. Huku kwetu neno silaha haliwezi kuwa la kimahaba. Siandiki haya ili mtu atamani bunduki.

Isitoshe, historia yetu na kitu hiki haikuwa ya ukusanyaji. Katika karne ya 19 magobori yaliingia kwa wingi kupitia Unguja na kusambaa bara pamoja na misafara. Tippu Tip, katika simulizi ya maisha yake, huhesabu bunduki kama anavyohesabu watu: tulikuwa na bunduki kadhaa, wao walikuwa na kadhaa. Hasemi za nani zilikuwa na nakshi. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels kuzuia silaha za kisasa zisiingie eneo kubwa la Afrika, na uamuzi huo, wenye maneno mazuri kuhusu biashara ya utumwa, ulihakikisha pia kwamba Mwafrika atabaki na gobori wakati mkoloni ana bunduki ya risasi nyingi. Wapiganaji wa Majimaji walioinuka Umatumbi mwaka 1905 walilijua hilo kwa miili yao. Kwa hiyo anayekusanya bunduki kwa raha anatoka kwenye historia ambayo ilihakikisha wengine hawakusanyi chochote. Hilo nalikubali kabisa.

Hata leo njia ni nyembamba. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na kibali na kila kibali kiwe na mwenyewe. Mzee akifariki, bunduki yake haigawanywi kama kitanda na redio, lazima ipite polisi. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikitoa msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, kwa anayesalimisha silaha anayoimiliki kinyume cha sheria. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, inaelekeza silaha haramu zilizokamatwa ziharibiwe. Sina machozi ya kulilia chuma hicho. Gobori lililokuwa uvunguni kwa mtu Kibiti au Mkuranga likiyeyushwa, nalala vizuri zaidi. Ila kabla halijaingia motoni lina hadithi: lilikuwa la nani, lilipitia kwa nani, nani alilitia mafuta. Fomu ya polisi inauliza namba na aina. Katalogi ya London inauliza geji na hali. Zote mbili zinafanana zaidi ya zinavyodhani.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Katalogi ina sehemu ya mwisho, baada ya geji na hali, ambayo huongeza bei kuliko zote: historia ya umiliki. Bunduki mbili zinazofanana kwa kila kitu zinaweza kutofautiana kwa mamia ya maelfu ya dola kwa sababu moja ilikuwa ya mtu fulani. Mfano mkubwa unatuhusu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani wiki chache nyuma, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit kwa safari ya uwindaji iliyopita Kenya ya leo, Uganda, Kongo na Sudani. Alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya geji 12 aliyopewa zawadi na mtengenezaji wake, Ansley Fox wa Philadelphia. Oktoba 2010 bunduki hiyo iliuzwa kwenye mnada wa James D. Julia, jimbo la Maine, kwa dola 862,500. Geji yake ni ya kawaida kabisa. Fox alitengeneza bunduki nyingine nzuri za daraja la juu ambazo hazikaribii bei hiyo. Kilichouzwa ni jina, pamoja na safari ile.

Lakini safari ile ilikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na bunduki za Roosevelt hazikujibeba. Utanzu huu wa uandishi hauwezi kujitetea kwamba haujali mikono ya wafanyakazi, kwa sababu unaijali sana ikiwa ya Birmingham. Mtambo wa kisanduku unaotumika kwenye bunduki nyingi za mitutu miwili duniani unaitwa Anson na Deeley, na hao hawakuwa malodi. Walikuwa watu wa kiwanda cha Westley Richards waliosajili uvumbuzi wao mwaka 1875. Mchongaji nakshi kama Ken Hunt, aliyefanya kazi za Purdey, akitajwa tu bei inasogea. Katalogi inajua kabisa kwamba kitu kizuri kina mafundi wengi, na inajua kuwataja. Inanyamaza pale fundi wa hali, yule aliyeitunza miaka ya mvua, anapokuwa mtu wa Mrima au Mkamba au Msoga. Katika ingizo baada ya ingizo nimekutana na maneno kama "ilitumika Afrika ya Mashariki", na hapo bunduki inakuwa imetembea yenyewe.

Kwenye vitabu vya wawindaji wenyewe mbeba bunduki huonekana, ila mara nyingi siku anapokosea. Frederick Selous, ambaye amezikwa Beho Beho, Rufiji, alipouawa vitani Januari 1917, alianza uwindaji wa tembo miaka ya 1870 kusini mwa Afrika kwa bunduki za geji 4, zile za tonge la mayai mawili. Katika kitabu chake cha 1881 anasimulia siku ambayo bunduki yake ilipakiwa mara mbili na aliyekuwa akimbebea. Ilipofyatuka ilimrusha na kumjeruhi. Kisa hicho kimerudiwa na waandishi wengi waliokuja baadaye. Jioni nyingine zote ambazo mbebaji yuleyule aliisafisha na kuipakia sawasawa hazikutoa kisa, kwa sababu hazikutoa damu.

Nasi hatuna pa kujivunia sana. Sanamu ya Askari pale katikati ya mji, iliyosimamishwa 1927, ina maandishi yanayowakumbuka askari na wapagazi wa vita ile ile iliyomuua Selous, wote kwa mkupuo. Kariakoo ni jina la kikosi cha wapagazi lililobanwa na ndimi zetu mpaka likawa soko. Tunalitaja kila siku tukienda kununua viatu, na sijawahi kukutana na mtu anayeweza kunitajia mpagazi mmoja.

Mtetezi wa katalogi atasema: majina hayakuhifadhiwa, mwandishi afanyeje? Kwa bunduki nyingi hoja hiyo ina ukweli. Kwa ile ya dola 862,500 haina. Roosevelt aliandika kitabu cha safari yake, *African Game Trails*, kikatoka 1910. Anazungumza kwa lugha ya enzi yake, ambayo leo inauma masikioni, na anawaelezea watu kwa jicho la mtu aliyezoea kuamuru. Lakini aliwataja. Waliombebea bunduki mwanzoni ni Muhamed na Bakari. Wa Kermit ni Juma Yohari na Kassitura. Kitabu kimeshatoka kwenye hakimiliki, kinapatikana bure mtandaoni, na kulitafuta neno Bakari ndani yake ni kazi ya sekunde chache.